Mwaka Tuliosema Hapa Hakuna Mkimbizi

Mjumbe wa nyumba kumi alinikuta jikoni kwenye msiba, daftari la shule kwapani, akaniuliza swali ambalo nilidhani niliachana nalo nikiwa msichana. "Dada Dija, poleni tena. Yule mama aliyekaa mkekani, mwenye kitenge cha kijani, ni nani wenu?" Nikageuka kumtazama anayeulizwa habari zake, kisha nikairudia sufuria ya wali kana kwamba jibu lilikuwa linaivia humo. Mimi ni mtu wa duka. Pale Chikongola nauza khanga na vitenge, na mteja akishika kitambaa tu nimeshajua kama ananunua au anapumzisha miguu, na akiniambia hii ndiyo bei yake ya mwisho najua anayo nyingine nyuma yake. Si kawaida yangu kukosa neno. Lakini mjumbe alisimama pale na kalamu yake, kijana mstaarabu tu, na neno sikuwa nalo. "Ngoja kwanza niepue wali," nikamwambia. "Mgeni lazima aandikwe, dada. Unajua hali ya mto siku hizi." "Naijua. Ngoja kwanza niepue wali."

Marehemu alikuwa mama mkubwa wangu, Mama Sharifa, na nyumba ilikuwa ile ile ya Mahurunga, ila makuti yamekuwa bati na sakafu ya udongo imekuwa ya saruji. Mwenye kitenge cha kijani alikuwa Atija. Mara ya mwisho nilimwona akipanda lori, na tangu siku ile vijana wamekuwa wazee na wazee tumewazika. Nilimtambua kwa anavyokaa: magoti yamefungwa pamoja, mikono imewekwa juu yake, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Alikuwa amevuka mto asubuhi ile kutoka kwao ng'ambo, alikorudi vita vya zamani vilipoisha, hati ya kusafiria mkononi, imegongwa muhuri kila mahali panapotakiwa muhuri. Safari hii hakuna wa kumuuliza karatasi. Wanauliza undugu, na undugu hauna muhuri.

Nilifikaje kuishi kwa Mama Mkubwa mwaka ule, hilo halina faida kwa msomaji. Itoshe kusema nilikuwa na umri wa kuolewa, sijaolewa, na nilikuwa nauza kila kilichokubali kuuzwa. Ilikuwa miaka ya uhaba. Sabuni ilikatwa kwa uzi vipande vyembamba hadi ukiweka kimoja juani unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Mimi nilichukua mchele wa bonde la mto nikaupeleka Mtwara mjini, nikarudi na sabuni, chumvi na mafuta ya taa, na kila safari nilihesabu mizigo mara mbili, mara ya kwanza kwa macho, ya pili kwa mkono, kwa sababu macho yangu huwa yana matumaini. Chumba changu kilikuwa cha uani, na nilikaa humo pamoja na makopa. Muhogo ukishakauka na kutiwa kwenye vikapu una harufu yake, kali kidogo, inaingia kwenye nywele, na hadi leo nikipita mahali pana makopa nahisi mtu ataniita nikachote maji. Ng'ambo ya mto kulikuwa na vita. Tuliona moshi jioni, ukisimama wima kama hakuna upepo, na watu wazima wakautazama kisha wakaulizana kama ng'ombe wa fulani wamerudi.

Atija alikuja asubuhi, nguo zimemgandia mwilini. Hakupiga hodi. Alisimama tu pale uwanja uliofagiliwa ulipoishia, kwenye mpaka wa ufagio, mikononi ana kikombe cha bati kitupu. Kwetu mgeni haulizwi katokea wapi. Anapewa maji, anapewa pa kukaa, anaulizwa jina ili asiitwe "wewe", mengine atasema mwenyewe siku akitaka, na asipotaka hasemi. Mama Mkubwa alimpa maji kwenye kikombe kile kile alichokuja nacho, akamuuliza jina.

"Atija."

"Hadija?"

"Atija."

"Ni hilo hilo, mmelikata kichwa tu huko kwenu." Akanigeukia. "Dija, huyu somo wako. Kamletee khanga."

"Ipi, Mama Mkubwa?"

"Nzuri."

Nzuri ilikuwa moja. Nikaitoa, na ndivyo alivyokuwa mtoto wa nyumba ile, kwa jina na khanga. Anayechangia jina na wewe ni somo wako, na somo yuko karibu kuliko binamu, maana binamu umeletewa tu lakini somo mmeitwa pamoja. Siku chache baadaye Mama Mkubwa alikuwa amekwisha mpangia ukoo mzima: huyu ni wa upande wa mama, wale waliobaki ng'ambo zamani, bibi zetu walikunywa kisima kimoja. Yawezekana ilikuwa kweli. Nusu ya kijiji ina watu ng'ambo na nusu ya ng'ambo ina watu kwetu. Mjomba Bakari, kaka yake Mama Mkubwa, ambaye kwa mila zetu ndiye mwenye kauli ya mwisho juu yetu sote, alisikiliza mpangilio ule wa ukoo huku anatafuna ming'oko, viazi vyetu vya porini, akatema maganda, akasema, "Haya. Basi afundishwe majina ya mababu, asije akatuaibisha." Tukamfundisha. Alijifunza haraka kuliko mimi nilivyowahi kuyajua.

Tulikula kwenye sinia moja, wanawake wa nyumba, ugali wa muhogo na mboga iliyopatikana: kisamvu, mbaazi, na mara nyingi samaki wa mtoni, maana ndio waliokuwa rahisi. Atija hakula samaki. Hakukataa kwa mdomo. Alizunguka tu na tonge lake, akachovya kwenye mchuzi pembeni, akaridhika. Mama Mkubwa aliona kila kitu.

"Huyu mwenzetu anachagua," alisema siku moja. "Alizoea nini kwao, nyama ya kopo?"

"Labda ameolewa na samaki," nikasema.

"Somo, mwache," alisema Mjomba kutoka barazani, ambako hakutakiwa kuwa anasikiliza. "Akila kidogo wewe si unakula zaidi? Au hesabu hiyo huijui?"

Tukacheka, na Atija akacheka pia, akifunika mdomo. Tangu hapo ukawa mzaha wa nyumba. Samaki akitua kwenye sinia, mtu atasema, "Shemeji kaja," na wote tunamtazama Atija. Nasema haya jinsi yalivyokuwa. Tulimpenda, na kwetu ukimpenda mtu unamtania, na usiyemtania ndiye mgeni.

Kisha akaja bwana afisa. Alitoka mjini na gari la serikali, mtu mwembamba wa bara, amevaa sweta kwenye joto la Mtwara, jambo ambalo peke yake lilitosha kuwapa watu mazungumzo ya wiki. Waliweka meza ndani ya ghala la korosho la chama cha ushirika, lilikuwa tupu msimu ule, na tangazo likatolewa kwamba wote waliokimbia vita waje waandikwe wapewe kadi. Nilikwenda kuangalia kama kuna cha kuuza. Afisa alieleza vizuri, sauti ikirudi kutoka kwenye kuta za ghala: mtu aliyekimbia vita ana haki, hawezi kurudishwa alikokimbia, hii si hisani ya mtu, nchi imekubali. Watu wakamsikiliza kwa heshima kama wanavyosikiliza hotuba ya mtu ambaye gari lake lina mafuta. Halafu akaanza kuuliza kaya kwa kaya.

"Mzee wangu, kwako wapo wangapi?"

"Kwangu hakuna mkimbizi, bwana afisa."

"Na wale akina mama wawili niliowakuta wanatwanga?"

"Wale ndugu."

"Kwako mama?"

"Hakuna. Kuna wakwe."

"Na wewe mzee?"

Hii ilikuwa zamu ya Mjomba Bakari. Alisimama, akashusha mikono ya kanzu. "Bwana afisa, sisi hapa hatuna tabia ya kuwafanya watu wakimbizi. Akija mtu, tunajua pa kumweka." Ghala zima likaitikia, wengine wakapiga makofi. Afisa alivua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa. "Nimefurahi kusikia hivyo, mzee," alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi. Mwishowe walioandikwa walikuwa wachache, wale ambao kwenye kijiji kizima walikosa hata mtu wa kuwadanganyia. Tuliwaonea huruma walivyopanga mstari. Atija alikuwa amesimama karibu yangu amejifunga ile khanga, na nilimwona anautazama mstari. Sikujua anautazamia nini. Mama Mkubwa alimshika mkono, wakaondoka wawili hao, kichwa juu, kama watu waliotoka kutukanwa wakashinda.

Nimelifikiria sana neno lile la haki, kabla na baada ya yaliyofuata, na bado linanichanganya. Kwetu haki ilikuwa kitu chenye umbo. Haki yako kwenye nyama ya sadaka, haki yako kwenye mikorosho ya mjomba, haki ya mke, haki ya mtoto. Kila haki ina mtu anayekupa, unamjua kwa sura, na asipokupa unajua mlango wa kwenda kukaa mpaka aone aibu. Sasa haki inayotoka kwa watu usiowajua, kwa sababu tu umekimbia, hiyo unamdai nani? Unakwenda kukaa kwenye mlango gani? Mama Mkubwa alilisema kwa namna yake jioni ile, anachambua mchele: "Wanataka kumpa kadi. Kadi itamchotea maji?" Na kwa kweli maji tulikuwa tunachota sisi.

Ilipita miezi. Ukazuka uvumi kwamba watu wenye silaha wamevuka mto wamejichanganya na raia, na vikawekwa vizuizi njia ya mjini. Atija alikuwa ameanza kunisindikiza kwenye mchele. Alikuwa hodari wa kubeba na dhaifu wa kuuza, akiombwa apunguze anapunguza kabla hujamkanyaga mguu. Siku hiyo mgambo aliyesimama kizuizini hakuwa mbaya, nasema hivyo kwa haki yake na yeye. Alikuwa kijana mwenye jua kichwani na bunduki ya zamani.

"Kadi."

Mimi nikatoa yangu ya chama. Atija akasema tulivyomfundisha: yeye ni mtoto wa Mama Sharifa wa Mahurunga, bibi yake ni fulani, babu yake ni fulani, mpaka juu huko. Mgambo alisikiliza mababu wote kwa utulivu.

"Balozi wako wa nyumba kumi nani?"

Atija akanigeukia. Kati ya mababu wote wale, mtu wa kawaida kuliko wote hatukumfundisha.

Wakamchukua mpaka kituoni mjini. Mchele waliniachia. Nilikaa na magunia barabarani, nikayahesabu, nikayahesabu tena, yalikuwa kamili, na ukamilifu wao ulinitia hasira ambayo siwezi kuieleza.

Kituoni nilifanya ninachokijua. Niliingia kwa afande wa zamu kwa shikamoo, nikamuuliza habari za nyumbani, nikasikitikia joto, halafu nikaanza na bei ya juu: huyu ni ndugu yangu, raia, kadi imeungua.

"Ndugu yako raia, kazaliwa wapi?"

Nikashusha. Kazaliwa ng'ambo, ila mama yake wa huku.

"Basi ni mgeni ameingia bila hati."

Nikashusha tena. Amekuja kutusalimia tu.

"Aliingia lini, anatoka lini?"

Kila nilipopunguza, bei ilipanda. Sijawahi kuona soko kama lile. Neno ndugu, ambalo kijijini lilifungua kila mlango, pale lilikuwa linafunga kitasa baada ya kitasa, na afande, bila ubaya wowote, alikuwa ananionesha funguo. "Bibie," aliniambia mwishoni, "ukisema ni ndugu yenu, nyie ndio mmemficha. Wenzake wanavushwa keshokutwa. Usijitie nawe humo." Kuvushwa maana yake ni kurudishwa ng'ambo, kwenye moshi. Kupitia dirishani nilimsikia Atija mahabusu, anarudia kwa mtu mwingine, polepole na kwa adabu, majina ya mababu zetu.

Nilimkuta bwana afisa wa sweta kwenye ofisi yake, chumba kidogo chenye kabati la chuma, chupa ya chai na viti viwili ambavyo kimoja kilikuwa na mafaili. Alinikumbuka, au alijifanya. Nikamweleza yote, safari hii bila bei ya kuanzia. Akasikiliza, kisha akauliza, "Alivuka kwa nini?"

"Vita."

"Najua kuna vita. Yeye ilimfika nini?"

Tulilala chumba kimoja, mkeka na mkeka, miezi yote ile, na sikujua. Nilijua anavyosuka ukili, najua anakoroma akilalia upande gani, najua hapendi samaki. Afisa hakunicheka. Aliondoa mafaili kwenye kiti akaniambia nikae. "Ndugu anayetembelea ndugu ni shughuli ya ofisi nyingine, na ofisi hiyo itamrudisha. Aliyekimbia harudishwi. Lakini mimi nimeandika kwa mkono wangu, kaya ya mzee Bakari, hakuna mkimbizi. Mwenye nyumba aje aseme alivyomkuta. Na yeye mwenyewe aseme. Kesho, kabla hawajapanga gari."

Mama Mkubwa alikataa. Alikuwa anaanika makopa juu ya paa la banda, akaendelea kuyapanga huku nikimweleza, moja moja, kama anajenga ukuta. "Nikaseme huyu si mwanangu?"

"Useme alikuja amekimbia."

"Ni kitu kimoja."

"Si kimoja, Mama Mkubwa. Afisa amesema."

"Afisa amezaliwa na nani? Mtoto nimemtandikia, nimempa bibi na babu, leo nikasimame mbele ya watu nimvue kama nguo?" Mjomba Bakari alikuwa barazani na kwa mara ya kwanza hakuwa na kauli ya mwisho. Alisema tu, "Dada, wasipomwandika wanamrudisha." Mama Mkubwa akateremka. Hakusema anakwenda. Alioga, akavaa khanga yake ya kutokea, na alfajiri nilimkuta amekaa juu ya gunia langu la mchele anangoja usafiri.

Mlangoni kwa afisa alivua ndala. "Vaa tu, mama," afisa alisema. Hakuvaa. Wakamleta Atija. Alipomwona Mama Mkubwa uso wake ulifunguka, akapiga goti kumwamkia, na mimi nikaelewa, nikiwa nimechelewa kusema lolote, kwamba hakuna aliyemwambia. Alikuwa amelala mahabusu anahesabu ukoo wetu, na sasa ukoo umekuja kumtoa.

"Mama," afisa aliuliza, kalamu tayari, "huyu ni ndugu yako?"

Afisa alikuwa amenieleza kwamba mama hana haja ya kukana kitu, aseme tu ilivyokuwa. Nami nilimweleza Mama Mkubwa hivyo hivyo njiani. Lakini Mama Mkubwa hakuwa mtu wa nusu kilo. Alimtazama Atija, si afisa, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje: "Simjui. Simjui mama yake, simjui baba yake. Kijiji chake sikijui. Alikuja asubuhi amelowa, amekimbia. Hana mtu hapa."

Chupa ya chai ilisikika ikipumua. Atija alibaki pale pale kwenye goti lake. Nilikuwa nimezoea nyuso za watu wanapoambiwa bei, wanavyoshtuka kwa kuigiza. Huyu hakuigiza. Alinitazama mimi, somo wake, nami nikatazama sakafu. Afisa akamwambia ainuke, akampa kiti cha mafaili, akamuuliza lile swali.

Atija alisimulia. Alisimulia kwa sauti ile ile ya kutaja mababu, polepole na kwa adabu. Wamechoma nyumba wakati watu wako mashambani. Amerudi amekuta yaliyobaki. Amemchukua mdogo wake wa kiume, wamejificha kwenye matete mpaka maji yalipopungua, wakavuka kwa kushikana. Katikati mkono uliteleza. Alimtafuta kwa kikombe, alisema, akionesha ukubwa wake kwa vidole, anachota maji na kumwaga, anachota na kumwaga, kama mtu aliyedondosha shanga, mpaka kulipokucha. Afisa aliandika. Mama Mkubwa alishika mdomo wake kwa viganja viwili, na najua alichokuwa anafikiria kwa sababu nami nilikuwa nafikiria hicho hicho: shemeji kaja.

Sisi ndugu zake hatukumuuliza. Ofisi ndiyo iliyouliza. Hapo ndipo ninapokwama kila nikifika, na umri haujanisaidia. Tulimficha swali kwa adabu, na adabu ile ilikuwa ya kweli, na ndani yake yeye alikaa peke yake na mto wake. Akaja mtu wa sweta, asiyemjua, akaliweka swali mezani kama kilo ya chumvi, na jibu likamwokoa. Lakini ofisi haikumpa pa kulala usiku ule wa kwanza alipokuja amelowa, na kama kila nyumba ingesubiri ofisi, angekufa nje. Nikipima upande huu unazama, nikipima upande ule nao unazama. Mizani gani hiyo.

Hawakumvusha. Alipata kadi, na kwa kuwa alikuwa amesemwa mbele ya watu kwamba hana mtu, aliwekwa na wenzake wasio na mtu, wakapakiwa kwenye lori kwenda makazi ya wakimbizi huko bara. Tulikwenda kumuaga. Nilimpelekea sabuni, mche mzima, sikuukata. Mama Mkubwa alimpelekea ming'oko imefungwa kwenye jani la mgomba. Atija alipokea kwa mikono miwili, akasema "Asante, mama," kama anavyosema mtu yeyote kwa mama yeyote, akapanda. Mama Mkubwa alikaa muda mrefu bila kumtaja. Samaki wa mtoni aliendelea kuwapika, lakini mzaha ule haukusemwa tena, na aliyejisahau akausema mara moja, mimi, alitazamwa mpaka akaondoka kwenye sinia.

Miaka hii ya karibuni moshi ulipoonekana tena ng'ambo, na watu wakaanza tena kuvuka, Mama Mkubwa alikuwa kikongwe wa fimbo. Kila aliyesimama kwenye mpaka wa ufagio alipewa maji, akapewa pa kukaa, na kabla hajamaliza maji akaulizwa: "Umekimbia nini, mwanangu?" Vijana wa nyumba waliona aibu, wakamwambia bibi, mgeni haulizwi. Yeye akachukua fimbo, akamshika mgeni mkono, wakaenda taratibu hadi ofisi ya kijiji. "Hapa sema umekimbia. Sema yote, usitupangie mababu. Undugu tutazungumza jioni." Ofisini walimzoea, wakamwekea kiti. Wengine walimcheka kwamba bibi amekuwa mjumbe bila mshahara. Mimi kila nilipokuja kumsalimia nilimkuta na nyumba imejaa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa hajaandikwa.

Wali ulikuwa umeiva. Niliuepua, nikapakua kwenye masinia, moja la wazee, moja la majirani, moja la watoto wa marehemu, ambalo kwa desturi hukaa mbele kabisa, karibu na mlango wa chumba chake. Mchuzi siku hiyo ulikuwa wa samaki. Nikiwa nimebeba hilo la mbele nilipita mkekani. Mjumbe alikuwa amechoka kunisubiri, amechuchumaa mbele ya Atija mwenyewe, daftari gotini, anauliza kwa upole: "Mama, wewe ni nani wa marehemu?"

Wanawake waliokuwa karibu waligeuka.

"Mimi ndiye ambaye marehemu alisema hanijui," Atija akajibu.

Mjumbe alimtazama, akatazama daftari, akanitazama mimi. "Sasa hapo niandike nini?"

Nami sikujua aandike nini. Aliyejua alikuwa Sharifa, binti mkubwa wa marehemu, aliyekua akisikia habari ile kwa vipande kama watoto wote wanavyosikia. Alisogea kwenye mkeka wa mbele, akasogea tena, mpaka pakawa na nafasi, akaipigapiga kwa kiganja. "Dada, njoo, chakula kinapoa." Atija aliinuka na kitenge chake cha kijani akaenda kukaa. Nilihesabu watu wa sinia lile, nikahesabu tena. Kisha nikaligeuza mkononi kabla halijatua, nikalipeleka kwa majirani na samaki wake, na kurudi jikoni kutafuta mbaazi.